Kipele cha Ibn Umar: chunusi kwa dada aliyekwisha kuwa mtu mzima



Siku moja baada ya darsa hapa Kamenge, dada mmoja alinivuta pembeni. Ana miaka 26. Kwa majuma kadhaa nilikuwa nimemwona anakaa safu ya mwisho, amejifunika kwa niqabu ambayo zamani hakuwa akiivaa, nami moyoni nikamsifu kwa uchamungu. Kumbe alikuwa anaficha chunusi. Alipofunua, taya lote lilikuwa limejaa vipele vya ndani, vingine vina usaha, na madoa meusi yameshuka hadi shingoni. Alikuwa na maswali matatu, na la kwanza halikuwa la dawa hata kidogo. "Dada, nikisujudu vipele vinapasuka, mswala unapata damu. Swala za miezi yote hii, nizilipe?"

Nilimwomba anipe siku mbili nikasome. Jibu lilikuwa karibu kuliko nilivyodhani. Bukhari, katika Kitabu cha Udhu, anataja kwamba Abdullah bin Umar (r.a.) aliwahi kukamua kipele kikatoka damu, na hakurudia udhu. Nilikwisha kupita hapo mara nyingi kwenye masomo bila kusimama. Safari hii nilisimama, maana nilikuwa na uso wa mtu mbele yangu.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, udhu hautenguki kwa damu au usaha unaotoka usoni, kwa sababu haukutoka katika njia mbili. Kuhusu unajisi wenyewe, Imamu Nawawi katika Minhaj ameiweka damu ya vipele pamoja na damu ya viroboto, katika mambo yanayosamehewa ndani ya swala kwa kuwa ni vigumu kuyaepuka. Wanavyuoni waliokuja baada yake wakaongeza kwamba ukikikamua mwenyewe kwa makusudi, kinachosamehewa ni kidogo tu. Wenzetu Mahanafi wana rai nyingine: damu ikitiririka kutoka mahali pake, udhu umetenguka. Dada wetu ni Mshafi. Hana swala ya kulipa. Nilipomwambia alilia, nikatambua kwamba jambo lililokuwa linamuumiza kuliko yote halikuwa kioo.

Swali la pili: kwa nini mimi, na nimeshavuka ubalehe? Alikuwa ameambiwa mengi. Shangazi alisema ni jicho la watu. Mwenzake wa chumbani alisema ni dhambi za siri zinatokea usoni. Mama mmoja jirani alisema aolewe tu, zitaisha. (Hili la ndoa lina nguvu ya ajabu. Ninawajua dada wenye watoto watatu na chunusi zao wanazo bado.) Mimi siyakani mambo ya hasadi, yamethibiti katika dini yetu. Lakini kumwambia mgonjwa kwamba ugonjwa wake ni ushahidi wa dhambi zake ni kusema juu ya ghaibu bila elimu.

Nilikaa na dada zetu wa udaktari wanieleze. Kila kinyweleo cha uso kina tezi ndogo inayotoa mafuta. Mafuta yakizidi, na seli zilizokufa zikaziba mdomo wa kinyweleo, bakteria wanaoishi hapo siku zote huongezeka, na mwili unajibu kwa uvimbe. Kinachoamuru tezi zitoe mafuta mengi ni homoni za jamii ya androjeni, ambazo wanawake pia tunazo. Ndiyo sababu chunusi za mwanamke mtu mzima hupenda kidevu na taya, huwa za ndani na zenye maumivu, na huchachamaa siku chache kabla ya hedhi. Wala si jambo la nadra. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama kule Marekani, uliotoka mwaka 2008, uliwauliza watu zaidi ya 1,000. Nusu ya wanawake wenye miaka 20 hadi 29 walisema wana chunusi, na kati ya waliofika miaka ya 40 bado ilikuwa robo.

Hapa dada zangu naomba tusimame kidogo. Kama chunusi zinakuja pamoja na hedhi inayoruka miezi, nywele nene kidevuni au kifuani, au uzito unaopanda bila sababu, usinunue krimu kwanza. Nenda hospitali. Kuna hali ya ovari inayoitwa PCOS ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria inawapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui. Inagusa uzazi na inaongeza hatari ya kisukari. Sisi wa Kamenge hatuna udhuru wa umbali, hospitali ya chuo kikuu, ile watu wanayoiita Roi Khaled kwa jina la mfalme wa Saudia, iko hapa hapa mtaani. Ukimtaka daktari wa kike, uliza. Asipopatikana, haja inaruhusu, na unaweza kwenda na mwenzako.

Swali la tatu lilikuwa mkobani mwake: tyubu aliyouziwa sokoni. Wiki mbili za kwanza uso ulitulia na ukang'aa, akasifiwa. Mwezi wa tatu vipele vikarudi maradufu. Kila akiacha uso unalipuka, akipaka unatulia. Dada wa udaktari aliposoma kasha alitikisa kichwa: klobetasoli, dawa kali ya jamii ya steroidi, inayotolewa na daktari kwa maradhi mengine ya ngozi na kwa muda mfupi. Ikipakwa usoni kwa miezi, hupunguza unene wa ngozi na yenyewe huzaa chunusi. Ndiyo hiyo, pamoja na haidrokwinoni, ambayo mara nyingi huwekwa kwenye mikorogo ya kujichubua. Nyingine zina zebaki, ambayo huharibu figo na humfikia mtoto tumboni. Ukiwa umeitumia muda mrefu, mwone daktari akuongoze namna ya kuiacha.

Akaniuliza kama kutibu uso ni kubadili umbo la Allah. Kujichubua ili uwe mweupe, hilo ndilo la kuogopa. Tiba ni mlango mwingine. Arfaja (r.a.) alipoteza pua vitani, akaweka ya fedha ikaoza, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Na Ibn al-Qayyim, katika sehemu yake ya tiba za Mtume, ana mlango mzima kuhusu kutibu kipele, akitaja mmoja wa wake zake aliyetokwa na kipele kidoleni, naye Mtume akaomba dawa ya unga ya kuwekea. Hakuambiwa avumilie tu.

Sasa dawa zenyewe. Ya kuanzia ni peroksidi ya benzoili, na asilimia 2.5 inatosha, kwani yenye nguvu zaidi inaunguza zaidi bila faida kubwa. Usiku ni adapaleni, kiasi cha punje moja ya kunde kwa uso mzima. Usipake juu ya kipele peke yake, maana kazi yake ni kuzuia vile ambavyo havijatokea. Mwenye mimba au anayetarajia asiitumie. Yeye anafaa asidi ya azelaiki, ambayo pia hupunguza yale madoa meusi yanayotusumbua wenye ngozi nyeusi kuliko chunusi zenyewe. Majuma ya kwanza ngozi hukauka na huenda vipele vikaongezeka. Hesabu wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema dawa haifanyi kazi. Wengi wetu tunaacha wiki ya tatu. Vidonge vya antibiotiki, isotretinoini na vidonge vya homoni ni vya daktari. Isotretinoini hasa huharibu vibaya mtoto tumboni. Na kwa walioolewa: sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 na vijiti vya mkononi vinaweza kuzidisha chunusi kwa baadhi ya wanawake, kwa hiyo mtajie muuguzi.

Limau na dawa ya meno, hapana. Mafuta mazito ya nywele yakichuruzika chini ya mtandio huziba paji la uso, na kikofia cha ndani kifuliwe kila siku mbili tatu. Mukeke na ndagala hawana kosa. Soda na vitu vitamu vingi ndivyo vinavyotiliwa shaka na watafiti.

Udhu na krimu? Nawawi ameeleza katika Majmu' kwamba mafuta yaliyobaki kwenye kiungo hayadhuru maadamu maji yanaigusa ngozi na kupita juu yake. Faundesheni nzito yenye kufanya tabaka, hiyo iondoe. Kwa Ramadhani, krimu haifunguzi. Aliyeandikiwa doksisaiklini akiimeza wakati wa daku, anywe maji mengi na asirudi kulala papo hapo, kwani kidonge kikikwama kinaunguza koo.

Dada wetu yuko wiki ya tisa chini ya daktari. Vipele vipya ni viwili au vitatu, madoa bado, na Ijumaa iliyopita alikaa safu ya pili. Ameniomba niwaambie pia kwamba peroksidi ya benzoili inachujua rangi ya nguo: taulo lake la bluu limejaa mabaka, na mtandio mmoja mzuri umeharibika. Nunueni foronya na mitandio ya kulalia iliyo myeupe.