Televizyo ya koperative ikikataa kuwaka, tuanzie wapi?



Koperative nyingi ziko na televizyo moja ya zamani, ile nzito yenye mgongo mrefu. Ndiyo inatusaidia kuonyesha video za kilimo siku ya mafunzo. Mara moja tulifika kwa kikundi kimoja cha Kalehe kuonyesha video juu ya mnyauko wa migomba. Wamama wengine walikuwa wametembea saa mbili. Tukabonyeza: kimya. Kijana mmoja alikuwa tayari na turnavisi mkononi, anataka kufungua mgongo. Mzee mmoja akamwambia: «Mwanangu, ngoja. Mbuzi akikataa kula, unaangalia kwanza majani, haumpasui tumbo.»

Tukafuata waya kutoka televizyo mpaka kwa batri. Kwenye kichwa cha batri tukakuta unga wa kijani na mweupe. Tukachomoa waya, tukasugua vizuri, tukakaza tena, tukanawa mikono juu ule unga uko na asidi. Televizyo ikawaka. Hatukulipa hata franka moja.

Hilo ndilo somo la leo: mara nyingi ugonjwa uko inje ya sanduku. Tuutafute inje kwanza.

1. Tufuate njia ya umeme

Tuchomeke taa au chaja ya simu kwenye prizi ileile. Ikikataa nayo, shida haiko kwa televizyo. Batri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inaonyesha karibu 12,6. Ikiwa chini ya 12, imechoka, tuijaze kwanza.

Kama tunatumia konvertiseri, ile mashine inayogeuza umeme wa batri kuwa volti 220, tuisikilize. Ikilia na kukata pale tunapowasha, televizyo inaweza kuwa nzima kabisa. Televizyo ya zamani inavuta umeme mwingi sana wakati wa kuwaka, na konvertiseri ndogo haiwezi.

Kwa grupu ya esanse: tuiwashe kwanza, itulie, ndipo tuchomeke televizyo. Na tuchomoe televizyo mbele ya kuzima grupu.

2. Tusome alama

Vidoto vyeupe na kelele ya «shhh»: tuangalie antene na waya wake. Kama ni video, tuangalie kama tuko kwenye AV. Waya wa manjano ni wa picha. Mweupe na mwekundu ni ya sauti.

Madoa ya rangi pembeni ya kioo: kuna bafle karibu, sumaku yake inavuta rangi. Tuisogeze mbali, tuzime televizyo kwa kitufe chake chenyewe (si kwa telekomande), tungoje nusu saa, tuwashe tena. Madoa yanaweza kuisha yenyewe.

Mstari mmoja mweupe katikati, picha hakuna: tuzime mara moja, kwani ule mwanga unaunguza kioo. Ni kazi ya fundi.

Inalia «tik, tik» bila kuwaka, ao harufu ya kuungua: tuchomoe. Ni kazi ya fundi.

3. Fasi ya kusimama

Mgongo wa televizyo tusiufungue. Ndani ya ile chupa kubwa ya kioo umeme unaweza kupita volti 20.000. Hata tukichomoa, umeme unabaki umefichama ndani. Mtu anaweza kufa na waya iko mkononi mwake, imechomolewa. Tena chupa ikigongwa vibaya inapasuka na kurusha vipande.

Fizibu, kale kapande ka kioo chenye uzi ndani, kakiungua, tusiweke waya wa kawaida pa nafasi yake. Fizibu imekufa ili nyumba isiungue. Ikiungua mara ya pili, kuna ugonjwa mwingine ndani.

4. Tunapoenda kwa fundi

Tumweleze alama tuliyoiona. Tusimwambie tu «imekufa». Tupatane bei mbele ya kazi. Tuombe kipande cha zamani kirudi kwetu. Televizyo iwake saa nzima mbele yetu, ndipo tulipe.

5. Tupige hesabu

Televizyo ya zamani ya inchi 21 inakula karibu wati 80. Ya kisasa, ndogo, ya volti 12, inakula karibu wati 25. Batri ya 100 Ah, tukitumia nusu yake tu ili isiharibike, inatoa karibu wati 600 kwa saa moja. Ile ya zamani, pamoja na konvertiseri, itaonyesha karibu saa 6. Ya kisasa karibu saa 24. Kama bei ya fundi inakaribia bei ya mpya, tukae kikao, mweka-hazina atuonyeshe hesabu, tuamue pamoja.

Ile iliyokufa kabisa tusiivunje shambani wala karibu na chemchemi. Kioo chake kiko na risasi, ni sumu. Tuiweke mbali na watoto mpaka fundi aichukue kwa vipande vyake.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi
– Nani anachunga batri yetu, na aliisafisha lini?
– Televizyo ikizimika leo, tutaangalia nini kwanza?
– Nani atamkataza kijana mwenye turnavisi?