Risasi za Bunduki ya Kale: Fundi Ajibu

Swali: Nimerithi kwa marehemu babu bunduki ya marisau yenye kasiba mbili, kazi ya Birmingham, na risasi za namba 12 ninunuazo dukani huingia ndani yake bila taabu. Mbona fundi amenikataza kuzitumia?

Jibu: Amekukataza kwa haki, ndugu yangu, kwani kuingia si dalili ya kufaa. Bunduki za namna hiyo zilizoundwa Uingereza kabla ya Vita Vikuu vya Pili aghalabu zina chumba cha inchi 2½, yaani milimita 65, ilhali risasi za kawaida za siku hizi ni za milimita 70. Na urefu huo ulioandikwa juu ya sanduku ni urefu wa ganda baada ya kufyatuliwa, mdomo wake uliokunjwa ukiisha kufunguka. Kabla ya hapo ganda ni fupi, kwa hiyo huingia na bunduki hufunga. Lakini baruti inapowaka, mdomo ule hukunjuka ndani ya shingo nyembamba iliyo baina ya chumba na kasiba, njia ya kizibo na marisau ikasongwa, na shinikizo likapanda kupita kiasi alichokikadiria muundaji.

Swali: Nitaujuaje urefu wa chumba changu kwa yakini?

Jibu: Sharti upimiwe na fundi kwa kipimo cha chumba, kisha kasiba zifunguliwe na kugeuzwa, maana chini yake, karibu na chumba, zimepigwa mihuri ya nyumba ya majaribio, ama ya London ama ya Birmingham, ambayo ya pili iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1813. Bunduki iliyojaribiwa baada ya 1925 huonyesha urefu wa chumba na uzito wa marisau kwa wakia. Na iliyojaribiwa kwa kanuni za 1954, ikiwa ni ya inchi 2½, kwa kawaida huwa na tarakimu ya shinikizo la tani 3 kwa inchi ya mraba. Ikiwa muhuri wasema inchi 2½ na kipimo chasema 2¾, basi kuna mtu aliyekichonga chumba baadaye, na kama hapana muhuri mpya juu yake, bunduki hiyo isifyatuliwe hata mara moja mpaka ijaribiwe upya; huko Uingereza hata kuiuza katika hali hiyo ni kosa la jinai.

Swali: Na kasiba za kidameski, zile zenye mistari kama mawimbi?

Jibu: Si kweli kwamba zote ni mbovu, maana nyingine zimefaulu jaribio la baruti isiyo moshi. Ile yenye muhuri wa baruti nyeusi peke yake haina idhini ya baruti nyingine, hata muuzaji akuapie vipi.

Swali: Basi nitafute risasi ipi?

Jibu: Tafuta sanduku lililoandikwa waziwazi kuwa risasi zake zafaa chumba cha milimita 65, na hata zile za ganda la milimita 67 zilizozoeleka Uingereza zakubalika iwapo tu maneno hayo yapo. Marisau yasipite uzito uliopigwa katika muhuri. Mimi hupendelea gramu 28, ambazo huihurumia bunduki pamoja na bega. Lakini tanabahi, ufupi wa ganda hauthibitishi upole wa shinikizo, kwa hiyo soma na kiwango cha shinikizo pia. Marisau ya chuma cha pua yaepuke kabisa, kwani kasiba za zamani ni nyembamba na laini. Pale ambapo risasi ya madini ya risasi imepigwa marufuku, tumia ya bismathi.

Swali: Je, si afadhali nichongeshe chumba kiwe kirefu, nikaondokana na mashaka?

Jibu: Sikushauri. Kuchonga ni kuondoa chuma mahali penye kani kubwa, nawe utalazimika kuipeleka bunduki ijaribiwe tena, ambako huenda kasiba ikapasuka. Ilhali risasi fupi bado zatengenezwa, na mwenye duka lenye leseni aweza kukuagizia.