Dondoo muhimu: Roma na watoto, Julai na Agosti

Miezi hii Roma huwaka jua na kufurika wageni, kwa hiyo mengi yamalizwe mkiwa bado nyumbani.

1. Omba viza ya Schengen mapema. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000.
2. Nunua tiketi za Colosseum mtandaoni. Huandikwa majina, basi beba pasipoti za wote. Walio chini ya miaka 18 hawalipi kiingilio, lakini nao lazima wawe na tiketi.
3. Usipange Makumbusho ya Vatikani Jumapili: hufungwa, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, ambayo ni bure na foleni yake si ya kumpeleka mtoto.
4. Funikeni mabega na magoti kanisani. Khanga moja mkobani yatosha.
5. Beba chupa tupu. Mabomba ya mtaani, nasoni, hutoa maji safi ya kunywa bure.
6. Tembeeni asubuhi, mchana walaze watoto.
7. Msiketi kwenye Ngazi za Kihispania. Kuna faini.
8. Pochi isikae mfuko wa nyuma, hasa ndani ya basi namba 64.