Krediti, Daraja na Mgonjwa: Somo kwa Mtumishi wa Afya Anayejiandaa kwa Masomo ya Uzamili

Mtumishi wa afya anayefanya kazi Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, hahitaji kusafiri mbali ili kufika penye masomo ya uzamili. Chini yake, Tengeru, iko Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanzishwa mahususi kwa ajili ya shahada za uzamili na uzamivu. Akishika barabara kuu kuelekea mashariki atafika Moshi, kwenye chuo cha tiba cha KCMC kilichoanza mwaka 1997. Akiendelea hadi Dar es Salaam atakikuta Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, ambacho mizizi yake ni shule ya tiba iliyofunguliwa mwaka 1963, na ambacho kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007.

Kinachowakwamisha wengi ni kanuni za usajili wa kozi na utoaji wa madaraja. Kitabu cha kanuni hupokelewa wiki ya kwanza, hutiwa mkobani, na hufunguliwa siku matokeo yanapotangazwa, wakati ambapo mengi hayarekebishiki tena. Mwanafunzi anayepoteza mwaka kwa sababu hiyo hapotezi peke yake: kituo alichotoka kinaendelea kumsubiri, na wagonjwa wanaendelea kupewa rufaa kwenda mbali. Somo hili linaeleza kanuni hizo kwa mtumishi anayejiandaa, kisha linamweleza mgonjwa zinamhusu vipi.

Udahili si usajili

Maneno haya mawili huchanganywa mara nyingi. Udahili ni chuo kukukubali. Usajili ni wewe kuingizwa katika daftari la chuo kwa mwaka husika, na baada ya hapo kusajili kozi moja moja kwa muhula husika. Aliyedahiliwa bila kusajiliwa si mwanafunzi. Aliyesajiliwa chuoni bila kusajili kozi anaweza kuhudhuria darasa muhula mzima, akafanya hata majaribio, kisha akakuta jina lake halimo katika orodha ya watahiniwa.

Kabla ya yote hayo, hakiki sifa zako. Katika mfumo wa tuzo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoanza kazi mwaka 2005, shahada ya kwanza iko ngazi ya 8, uzamili ngazi ya 9 na uzamivu ngazi ya 10. Tabibu au muuguzi mwenye stashahada, iliyo ngazi ya 6, hupitia kwanza shahada ya kwanza. Anayeomba uzamili kwa shahada yenye madaraja hutakiwa kwa kawaida kuwa na wastani wa pointi usiopungua 2.7, yaani daraja la pili la chini. Shahada ya Udaktari wa Tiba haigawanywi katika daraja la kwanza na la pili. Kwa hiyo daktari anayeomba kusomea ubingwa hutazamwa kwa alama zake, hasa za somo analotaka kubobea, pamoja na kukamilisha mwaka wa mafunzo kwa vitendo na kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Mtumishi aliye kazini anahitaji pia ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri wake, kwa maandishi. Iombe mapema, kabla ya barua ya udahili kufika, kwa kuwa dirisha la usajili ni la wiki chache tu na halimsubiri mtu ambaye barua yake bado iko mezani kwa mkubwa wake.

Krediti ni saa

Kila kozi ina uzito wake, nao hupimwa kwa krediti. Katika mfumo wa Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza. Saa hizo si za darasani peke yake; ndani yake mna maabara, wodi, kusoma peke yako, kuandika kazi na kujiandaa kwa mtihani. Kiwango cha chini cha shahada ya uzamili ni krediti 180, yaani saa 1,800.

Hesabu hii ifanye kabla ya kusajili kozi. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Ikiwa muhula una wiki 15 za masomo, kozi hiyo moja inakudai saa 8 kila wiki. Ukisajili kozi tano za uzito huo, umeahidi saa 40 kwa wiki, sawa na ajira kamili. Muuguzi anayedhani ataendelea na zamu zake za usiku na kusoma mzigo huo mchana atakuwa na ajira mbili. Yumkini akamudu wiki mbili au tatu. Wiki ya kumi ndiyo inayomwangusha.

Chuo kinaporuhusu, masomo yanaweza kusomwa kwa mzigo mdogo kwa muda mrefu zaidi. Hilo nalo huombwa wakati wa usajili. Zingatia pia tofauti ya kozi za lazima na kozi za kuchagua: kozi ya kuchagua unaweza kuibadili ndani ya siku zilizowekwa mwanzoni mwa muhula. Siku hizo zikipita, kozi uliyoisajili ni yako, na usipoifanyia mtihani bila idhini utahesabiwa umeshindwa.

Tunza stakabadhi za ada, fomu ya kozi iliyothibitishwa na nakala ya kila barua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Masomo nayo ni mali.

Daraja, pointi na wastani

Alama ya kozi hutokana na sehemu mbili: tathmini endelevu, yaani majaribio, kazi za kuandika na mawasilisho ya muhula, na mtihani wa mwisho. Katika vyuo vingi mgawanyo ni 40 kwa 60. Asiyefikia kiwango kilichowekwa katika tathmini endelevu anaweza kuzuiwa kuingia katika mtihani wa mwisho.

Alama hubadilishwa kuwa daraja, na daraja kuwa pointi. Katika kipimo cha pointi 5, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3 na C ni 2. Mipaka ya alama kwa kila daraja hutofautiana kati ya chuo na chuo, ndiyo maana hatuitaji hapa. Lakini jambo moja huwashtua wengi: daraja C, ambalo katika shahada ya kwanza ni kufaulu, katika uzamili kwa kawaida ni kushindwa. Mlango wa kufaulu hapa ni B.

Wastani wa pointi, ambao wengi wanauita GPA, haupatikani kwa kujumlisha pointi na kugawanya kwa idadi ya kozi. Kila pointi huzidishwa kwa krediti za kozi yake, matokeo yakajumlishwa, kisha yakagawanywa kwa jumla ya krediti. Tuchukue wanafunzi wawili waliosajili kozi tatu zilezile: Epidemiolojia yenye krediti 12, Mbinu za Utafiti krediti 9, na Maadili krediti 6.

Mwanafunzi wa kwanza amepata A katika Epidemiolojia, B+ katika Mbinu za Utafiti na B katika Maadili. Hesabu yake ni 60 + 36 + 18 = 114. Ukigawanya kwa krediti 27 unapata 4.22.

Mwanafunzi wa pili amepata B katika Epidemiolojia, B+ katika Mbinu za Utafiti na A katika Maadili. Hesabu yake ni 36 + 36 + 30 = 102. Ukigawanya kwa 27 unapata 3.77.

Wote wawili wana A moja, B+ moja na B moja, lakini wametengana kwa karibu nusu pointi. Aidha, katika vyuo vingi wastani hukatwa kwenye tarakimu ya kwanza baada ya nukta, haukadiriwi kwenda juu. Hivyo wa pili ataandikiwa 3.7, si 3.8. Funzo lake ni kwamba saa zako za kusoma ziende kwanza pale krediti zilipo nyingi.

Pale wastani usipookoa

Katika masomo ya tiba iko kanuni nyingine iliyo juu ya wastani. Kwa kawaida mtihani wa maandishi na mtihani wa vitendo hufauliwa kila mmoja peke yake. Aliyepata alama za juu sana kwenye karatasi lakini akashindwa mbele ya kitanda cha mgonjwa hafidiwi na karatasi yake.

Wanafunzi hulalamikia kanuni hii kuliko nyingine yoyote, na malalamiko yao yanaeleweka: dakika chache mbele ya watahini zinaweza kurudisha nyuma kazi ya miezi. Lakini mtazame mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Yeye hawezi kutibiwa kwa wastani. Hatanufaika na ujuzi wa takwimu wa daktari ambaye mikono yake haijui la kufanya. Mtahini wa nje, anayetoka chuo kingine kuja kuhakiki mitihani, yupo kwa sababu hiyohiyo: kufaulu kuwe na maana moja Dar es Salaam na Moshi.

Marudio, kuahirisha na rufaa

Aliyeshindwa kozi hupewa kwa kawaida mtihani wa marudio, ambao wanafunzi wanauita sapu. Akifaulu, hata kwa alama za juu, huandikiwa daraja la chini kabisa la kufaulu. Akishindwa kozi nyingi kwa pamoja, au akishindwa marudio, huweza kutakiwa kurudia mwaka au kuondolewa chuoni.

Ugonjwa, uzazi na msiba ni sababu zinazokubalika za kuahirisha masomo au mtihani, ila ombi liandikwe kabla, likiwa na ushahidi. Mwanafunzi anayeingia mtihanini akiwa mgonjwa, akashindwa, kisha akaleta cheti cha daktari, hujikuta hana hoja. Sisi tunaowahimiza wagonjwa wawahi kituoni ndio tunaochelewa kusema kwamba tunaumwa. Asiyeridhika na matokeo anaweza kukata rufaa ndani ya siku zilizowekwa. Azihesabu tangu siku matokeo yanapotangazwa.

Kwa mgonjwa na ndugu zake

Unapofika hospitali ya rufaa huenda ukaonwa na daktari anayesomea ubingwa. Usihofu. Huyo ni daktari kamili aliyekwisha kusajiliwa, anayefanya kazi chini ya daktari bingwa. Unayo haki ya kumuuliza jina lake, cheo chake na nani anamsimamia. Akija na wanafunzi wenzake, au watahini wakiomba upimwe mbele yao, unaweza kukubali au kukataa kwa heshima, na matibabu yako hayapunguzwi kwa kukataa.

Mwanafunzi wa uzamili huandika pia tasnifu, na utafiti wake unaweza kukugusa. Kabla ya kukuhoji au kuchukua damu kwa ajili ya utafiti lazima awe na kibali cha kamati ya maadili, akueleze kwa lugha unayoielewa, na apate ridhaa yako. Swali moja linatosha kumwelekeza: "Hiki ni kipimo cha matibabu yangu au cha masomo yako?" Mtafiti mwema hatakasirika.

Maswali ya kujipima

1. Kozi ya krediti 9 katika muhula wa wiki 15 inadai saa ngapi kwa wiki?
2. Mwanafunzi wa uzamili ana A katika kozi ya krediti 6 na B katika kozi ya krediti 12. Wastani wake ni upi?
3. Daktari amepata A katika maandishi na ameshindwa mtihani wa vitendo. Je, amefaulu?

Majibu: (1) Saa 6. (2) 30 + 36 = 66; ukigawanya kwa 18 unapata 3.66, huandikwa 3.6 pale tarakimu zinapokatwa. (3) Hapana, atarudia vitendo kwa utaratibu wa chuo chake.

Anayejiandaa kuomba nafasi mwaka huu akiombe chuo kitabu chake cha kanuni kabla ya kulipa ada, akisome akiwa na kalamu mkononi, na aandike pembeni kila tarehe ya mwisho atakayoikuta.