Kulipia Jarida la Kigeni la Ndege za Kijeshi

Wapo walaji katika wilaya za Mbulu na Hanang wanaopenda habari za ndege, wakiwemo vijana waliokua wakitazama ndege ndogo zikitua kwenye kiwanja cha Haydom. Anayetaka kusoma kwa undani habari za ndege za kijeshi hulazimika kutazama ng'ambo, kwa mfano AirForces Monthly la Uingereza, lililoanza mwaka 1988. Majarida ya namna hii hulipiwa kwa mwaka mzima kabla ya toleo la kwanza kufika, na mwuzaji yuko mbali na mkono wa vyombo vyetu. Kwa hiyo maswali yaulizwe kabla ya kulipa.

Swali la kwanza ni gharama halisi. Bei inayotangazwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya msomaji wa Uingereza. Anayeishi Katesh huongezewa posta ya ndege. Tuchukue mfano wa kukisia: toleo moja ni pauni 6 na posta pauni 4. Kwa matoleo 12 mlaji atatoa pauni 120, mbali na makato ya benki ya kubadilisha shilingi. Matoleo manne yakipotea njiani, kila toleo lililofika limemgharimu pauni 15. Hesabu hii ifanywe kwa bei halisi, kisha ilinganishwe na toleo la kielektroniki, ambalo halina posta. Hata hivyo, toleo hilo lina kasoro yake: kwa baadhi ya wachapishaji, malipo yakikoma hata matoleo ya nyuma hayafunguki tena. Wengine huruhusu kuyapakua na kuyahifadhi. Masharti yasomwe.

Pili ni anwani. Barua nyingi kwetu hupitia sanduku la posta. Mlaji anayetumia sanduku la shule au la parokia aombe ridhaa ya mwenye sanduku, aandike jina lake kamili, na ahakikishe ada ya sanduku hilo imelipwa. Mwishoni aongeze maneno “East Africa”, kwani barua za Tanzania zimewahi kupelekwa Tasmania. Aulize pia kama kifurushi kina namba ya kufuatilia. Posta ya kawaida haina. Na asiharakishe kulalamika: majarida mengi ya Uingereza hutoka mwezi mmoja kabla ya mwezi ulioandikwa kwenye jalada, hivyo la Juni laweza kuchapwa Mei na kufika Julai.

Tatu, na hapa ndipo wengi hunaswa, ni idhini ya kukata fedha upya kila mwaka. Bei ya kuanzia huwa nafuu, kisha mwaka wa pili kadi hukatwa bei kamili bila mlaji kuulizwa. Anayelipa kwa kadi ya ndugu humhamishia ndugu huyo mzigo huo. Sheria ya Uingereza humpa mlaji siku 14 za kuvunja mkataba wa jarida alioufanya kwa mbali, lakini kwa toleo la kielektroniki haki hiyo huweza kukoma akikubali kuanza kulipokea mara moja. Mwuzaji aulizwe kwa maandishi kama mteja wa Tanzania anahusika.

Katika kusoma, tunakumbusha kwamba watengenezaji wa ndege ndio pia watangazaji wakubwa wa majarida haya, na kwamba idadi za ndege za jeshi lolote huwa ni makadirio. Orodha ya World Air Forces ya FlightGlobal hupatikana bila malipo. Mlaji aanze nayo, apime kama hamu yake inastahili fedha zaidi. Na asishawishike kutuma picha alizopiga katika maeneo ya jeshi hapa nchini, jambo lililokatazwa na sheria.

Toleo lisipofika, mwandikie mchapishaji kwanza, ukitaja namba ya mteja na mwezi wa toleo. Wengi hutuma nakala nyingine. Ikithibitika kwamba limepotelea nchini, peleka lalamiko ofisi ya posta uliyozoea ukiwa na risiti, na usiporidhika, kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.