Sindano haiui mwenye degedege

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka miwili. Juzi usiku mwili ulimchemka, akakakamaa na kugeuza macho. Bibi jirani alimpaka mafuta ya taa, akamtia kijiko mdomoni, akanionya nisimpeleke hospitali, eti mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Sasa ametulia, ila homa inapanda na kushuka. Degedege ikirudi nifanyeje?
Mama, Kibeta, Bukoba

JIBU: Mama, acha gazeti kwanza, mbebe mtoto akapimwe malaria leo. Utamalizia kusoma kwenye foleni.

Hilo la sindano nimelisikia mpaka nimechoka. Mtoto anashikwa Jumatatu. Anafukizwa, anapakwa, anatafutiwa mganga wa kumtoa huyo “dege” anayedaiwa kumpitia. Alhamisi, viganja vimekuwa vyeupe na hajitambui, ndipo analetwa. Anachomwa sindano, na baada ya saa mbili anafariki. Msibani watu wanaisema sindano. Jumanne na Jumatano hazitajwi. Kumbe sindano hiyo ya artesuneti ndiyo inayookoa watoto wenye malaria kali, ikiwahi. Majirani zetu wa Muleba walikumbwa na mlipuko wa malaria mwaka 2006, kwa hiyo mkoani kwetu degedege yenye homa tunaihesabu malaria mpaka kipimo kikatae.

Hata isipokuwa malaria, homa yoyote kali inaweza kumtikisa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, maana ubongo wake bado mchanga. Hapo panatosha, dege hahusiki.

Kijiko nacho! Ulimi haumezwi, mama. Nimeona meno mawili ya mbele yaking'olewa na kijiko cha uji. Mafuta ya taa yakipenya mdomoni huishia mapafuni; yuko mtoto niliyempokea ambaye harufu yake ilitangulia kuingia chumbani.

Degedege ikirudi, mlaze kwa ubavu mkekani, mbali na mafiga, mate yatoke yenyewe. Mlegeze nguo. Usimkandamize ili asitikisike, wala usimpe maji, chai au dawa mpaka azinduke kabisa. Tazama saa kwenye simu. Mara nyingi hukoma ndani ya dakika chache. Zikipita 5, au ikijirudia, au ikikoma lakini haamki, ita bodaboda usiku huohuo. Mtu mzima akae nyuma ampakate kwa ubavu. Hata ikidumu dakika moja tu, mfikishe zahanati siku hiyohiyo, umweleze muuguzi ilidumu muda gani. Ukinijia siku ya tatu na kusema “tulikuwa tunaangalia”, nitakugombeza mbele za watu.

Bibi jirani usimtenge. Njoo naye kliniki, nimwonyeshe mwenyewe namna ya kumlaza mtoto ubavu, maana usiku mlango wa kwanza kugongwa ni wake.