Usiung'oe Mchaichai kwa Kosa la Mwarobaini

*Shangazi, nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 7 na wa kike miaka 3. Tunaishi Muheza na mama mkwe, ambaye anajua majani na huwafundisha wajukuu wake. Juzi mdogo aliamka na joto. Niliwahi sokoni mara moja, mama mkwe alikuwa msibani. Niliporudi nikakuta kaka yake ametwanga majani ya mwarobaini akamnywesha, "kama bibi anavyofanya". Mtoto alitapika sana. Tulimkimbiza kituo cha afya, akapimwa, akakutwa na malaria. Sasa mzima. Baba watoto ameamuru kila jani ling'olewe, hata mchaichai wa chai. Mama mkwe hasemi na mtu. Mimi nimelelewa na majani hayo na nilitaka wanangu wayajue. Nifanye nini? Mama N., Muheza.*

Mama N., pole, mwanangu, na tumshukuru Mungu kwa uzima wa mtoto. Barua yako nimeisoma polepole, na sikuona humo mtu mbaya. Nimeona bibi anayependa wajukuu, baba aliyeingiwa na hofu, na kijana mdogo aliyemhurumia dada yake. Lakini nia njema haikumzuia mtoto kutapika, kwa hiyo tuseme ukweli.

Kosa liko wapi

Mwanao aliona bibi akitwanga, hakuona bibi akipima. Mkono wa mtu mzima una miaka mingi ndani yake: unajua jani gani, kiasi gani, na nani asipewe kabisa. Mtoto wa miaka 7 anaiga kinu na mchi tu.

Mwarobaini nao una jina linalotia watu ujasiri. Mti unaosifiwa kwa maradhi arobaini, nani ataogopa kumpa mtoto? Hata hivyo madaktari wameandika habari za watoto wadogo walionyweshwa mafuta ya mbegu zake wakapata degedege, wakaharibika ini, wengine wakafa. Mwili wa mtoto hauvumilii kinachovumiliwa na mtu mzima.

Na hapa nakusema wewe, mwanangu. Mtoto mwenye homa haachwi chini ya uangalizi wa mtoto mwenzake, hata kama soko liko mlangoni. Kijana alijiona ndiye mkubwa wa nyumba, akafanya kazi ya mkubwa.

Tuseme mmeng'oa yote

Mchaichai umeondoka, rehani imeondoka. Mbono kaburi je, ule wa kwenye uzio wa jirani? Mbegu zake zina ladha nzuri mdomoni, ndiyo maana watoto huzila, kisha wakatapika na kuharisha. Mbarika unaota wenyewe kwenye viwanja, na mbegu zake zenye madoadoa zina sumu kali. Mranaha unaota karibu na majalala, una maua meupe marefu na tunda la miiba, nao huwatia watu wazimu wa muda na hata kuwaua. Hiyo yote mumeo hawezi kuing'oa Muheza nzima. Mtoto ambaye hakufundishwa atakutana nayo peke yake.

Kwa hiyo jibu langu ni moja: wafundishe. Ila wafundishe majani ya jikoni na ya harufu, na dawa muwaachie wakubwa.

Namna ya kuanza

Mdogo wa miaka 3 anatumia pua na vidole. Mfumbe macho, usugue jani la nanaa, kisha la rehani, kisha la kivumbasi, akisie. Tia mbegu za rehani kwenye glasi ya maji mzitazame zikivimba na kuvaa utelezi. Huo mchezo ataudai kila siku.

Kaka yake mpe kazi yenye jukumu. Mwonyeshe kupasua shina la mchaichai lenye mizizi na kulihamishia kwenye debe lake mwenyewe. Mwonye kwamba ukingo wa jani hukata vidole. Yeye achume na kuosha. Maji ya moto ni ya mtu mzima. Kivumbasi akining'inize dirishani, maana harufu yake mbu hawaipendi, lakini ajue kwamba chandarua hakiondoki kitandani kwa sababu ya kivumbasi.

Mlonge ndio ninaoupenda zaidi kwa watoto. Majani ni mboga, wanayachambua wenyewe. Mbegu kavu zimenywe, zitwangwe, zikorogwe kwenye maji ya tope, kisha msubiri: tope linashuka chini na maji yanakuwa angavu. Halafu yachemshe mbele yake, umwambie maji yaliyo angavu bado yanaweza kubeba maradhi. Somo hilo litamfaa maisha yake yote.

Siku mkipata nafasi, wapelekeni Amani, si mbali na kwenu. Bustani ya mimea ilianzishwa kule mwaka 1902, wakati wa Wajerumani, na kati ya miti iliyopandwa ni mkwinini, ambao ganda lake ndilo lililotoa kwinini. Hapo mwanao ataelewa jambo kubwa. Dawa mseto, ambayo ndiyo hutolewa kwa malaria ya kawaida, asili yake ni jani pia: mmea wa Kichina wa jamii moja na pakanga yetu. Mwanasayansi Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kugundua kilichomo ndani yake. Lakini kilichomo kilitolewa, kikajaribiwa, kikapimwa, na mtoto hupewa kwa kadiri ya uzito wake. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani halikubali watu wajitibu malaria kwa chai ya jani hilo: kikombe kimoja hakilingani na kingine. Bibi hatatukanwa kwa kuambiwa hivyo, wala jani halitatukanwa.

Mipaka isiyo na mjadala

Mtoto hampi mtoto mwenzake dawa yoyote, ya jani wala ya duka. Jani lisilotajwa na mkubwa haliingii mdomoni. Msubili unaguswa, haulambwi. Utomvu wake wa njano huendesha tumbo vibaya. Mafuta ya mwarobaini na ya karafuu yakae juu, yafungwe. Mtoto wa chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, na asali haipewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka.

Akichemka mwili, kituo cha afya siku hiyohiyo, apimwe. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea haamki, msingoje hata kuchemsha chai. Akila mmea msioujua, msimtapishe kwa nguvu. Mpelekeni kituo cha afya pamoja na kipande cha mmea huo, daktari auone.

Mkweo na mumeo

Mama mkwe usiende kumkabili wewe. Mwache mwanawe azungumze naye, wakiwa wawili, kwa heshima. Asimwambie "umetaka kuua mtoto". Amwombe aendelee kuwa mwalimu wa wajukuu, aanze kila somo kwa kuwaonyesha majani yasiyoguswa. Hakuna mtu Muheza atakayelishika neno hilo vizuri kuliko yeye, na watoto wanamwamini. Akikataa mpaka huo, basi kinu kifungiwe, na mumeo ndiye amwambie.

Mumeo naye mpe kazi, hofu hupungua mikono ikishughulika. Akakague uzio, aondoe mbono kaburi mahali watoto wanapocheza, halafu awachimbie tuta karibu na mlango wa jikoni.

Lakini wa kwanza ni mwanao, tena leo kabla hajalala. Ameona dada yake akitapika kwa kitu alichompa, na kisha nyumba nzima ikanuna. Mweleze kwamba kumhangaikia dada yake ni vizuri, ila kazi yake siku kama ile ni kumwita mkubwa. Kama bibi hayupo na wewe hupo, amwite jirani. Mtaje jirani huyo kwa jina, na kesho mpeleke mlangoni kwake akajue njia.